Mlima Niliouandikia Sifuri

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili getini kwangu hapa Same, wa kike na wa kiume, kila mmoja na kishikwambi chake. Shikamoo yao ilikuwa nzuri, siwezi kulalamika. Wakaniuliza: kile kilima kilicho nyuma ya mtaa wetu kikichimbwa kokoto, mimi kama mkazi nitaona nimepungukiwa kiasi gani kwa mwaka, kwa shilingi? Yule wa kike akanisogezea kioo nichague mwenyewe kiwango. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nadhani waliona bibi kachanganyikiwa, maana walibonyeza kitu haraka haraka, wakaniaga na kwenda nyumba ya pili.

Sikuwa nawacheka wao. Kazi ile niliifanya mimi kabla hawajazaliwa, kwa penseli, nikipanda na kushuka milima hii ya Upare kwa miguu hii hii ambayo leo inagoma hata kunifikisha dukani. Nilikuwa mdadisi. Nilitumwa kuuliza watu wanauthamini mlima wao kwa kiasi gani, na kama sura ya mlima ikibadilika watakuwa wamepoteza nini. Basi haya nawaandikia hao wawili na wenzao. Walipokuja nilikuwa na jibu, ila halikuwamo kwenye kioo chao.

Naanza na makosa madogo, nipate ujasiri wa kulifikia kubwa.

Mara ya kwanza kabisa nilipewa karatasi nikaulize watu, nikiwa bado karani serikalini, nilikwenda Kileo, kule tambarare. Ilikuwa miaka ya dhiki, ile ya kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na mtu mwenye gunia la ziada alikuwa anaogopa kuitwa mlanguzi. Mimi nikaingia kwenye boma la watu na viatu vilivyong'aa na faili la buluu kwapani, nikamuuliza mzee wa pale amevuna magunia mangapi ya mahindi. Akasema hajavuna hata debe. Nikaandika, nikamshukuru, nikainuka. Ndipo nikaona kwamba muda wote ule nilikuwa nimekalia gunia la mahindi, limefunikwa khanga. Mzee akanitazama, nami nikamtazama. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mtu akiona karatasi, kwanza anajiuliza imetumwa na nani na itarudi na nini.

Kwa hiyo, vijana, vaeni viatu vya kawaida. Msikae juu ya kitu msichokijua. Kaeni chini kidogo kuliko yule mnayemuuliza. Mume na mke waulizeni mbalimbali, maana mume atajibu hata swali la mkewe ana miaka mingapi, na atakosea. Kwenye milima yetu pandeni siku ya gulio, mpate lifti ya lori, na madodoso yenu yafungeni kwenye nailoni, kwa sababu ukungu wa kule juu unalowesha karatasi kama mvua. Na mkiulizwa ninyi ni wa kwa nani, jibuni vizuri. Swali hilo si la umbea. Mtu anataka kujua atamlaumu nani baadaye.

Hayo yote alinifundisha Bwana Masalu, msimamizi wangu. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, anayekunywa chai bila sukari kwa sababu, alisema, miaka ya foleni ilimfundisha na hakutaka kufundishwa mara ya pili. Alinipokea wakati nimemwaga unga. Nilikuwa karani serikalini, lakini serikali ikaanza kupunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Nchi ilikuwa imeshafunguliwa, maduka yamejaa, mitumba imetandazwa mpaka barabarani, kila kitu ruksa, ila mfukoni hamna kitu. Ada za shule nazo zilikuwa zimerudi na nina watoto watatu. Bwana Masalu aliposema anatafuta wadadisi wanaoijua milima, nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Tuliuliza mambo mengi kwa miaka mingi, lakini nitawasimulia moja tu.

Kuna kijiji juu ya Hedaru, jina lake naliacha. Juu ya kijiji hicho kulikuwa na msitu, mweusi, mnene, umeshika mgongo wote wa mlima. Chini ya msitu kulikuwa na ndiva. Ninyi mliozaliwa mjini niwaeleze: ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe walilojenga mababu zetu kukinga maji ya chemchemi. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji na kila shamba linapata zamu yake. Mfanyabiashara mmoja aliomba kuuvuna ule msitu mbao, halafu apande mikaratusi. Wakubwa wakasema sawa, lakini kwanza tujue wananchi wanaupa msitu huo thamani gani, ili upande mmoja tuweke mbao na upande wa pili tuweke watu. Mpaka hapo hawakuwa wamekosea. Afadhali kuulizwa.

Tulipewa picha mbili za kuchora. Ya kwanza ilionyesha mlima ulivyo, na msitu wake na ukungu. Ya pili ilionyesha mlima utakavyokuwa: mikaratusi imepangwa mistari, barabara ya malori, na pembeni mchoraji, sijui kwa nini, akachora nyumba ya bati. Basi nikimwonyesha mtu picha ya pili, haangalii miti, ananiuliza: "Hii nyumba ya nani?" Mzee mmoja alisema anaitaka picha ya pili, nikafurahi kwamba nimepata jibu, kumbe anataka bati. Kabla hamjamwonyesha mtu picha yoyote, itazameni ninyi kwanza, mhesabu vitu vyote ambavyo hamkukusudia kuuliza.

Baada ya picha linakuja swali: kaya yako iko tayari kutoa shilingi ngapi kwa mwaka ili mlima ubaki kama ulivyo kwenye picha ya kwanza? Kulikuwa na nafasi moja ya kujaza tarakimu. Maelekezo yalisema wazi kwamba asiyetaja kiasi anaandikiwa sifuri. Chini kabisa kulikuwa na mistari mitatu: maoni ya mdadisi.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ni ya Bibi Nakijwa. Alikuwa mjane, mwembamba, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Maisha yake yote yalikuwa shamba moja chini ya ndiva, maharage na tangawizi, na zamu yake ya maji. Mwanawe mmoja alikuwa Hedaru anapakia malori. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe wa kwa nani?"

Nikamtajia ukoo wa baba na kijiji. Akafikiri, akampata shangazi yangu mmoja aliyeolewa jirani, akaridhika, akanipa kigoda. Picha alizitazama kwa muda mrefu. Ile ya pili akaigeuza kichwa chini, akanirudishia.

"Hapa maji yamekwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia kwamba ndiyo maana tumekuja. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa.

"Nitatoa siku mbili," akasema.

"Siku mbili za nini, bibi?"

"Za kazi. Kila wiki. Na jembe langu mwenyewe, siazimi. Mwanangu akipanda kuja huku, na yeye siku mbili. Na kama huyo mwenye misumeno anaogopa walinzi, sisi wanawake tutalinda kwa zamu. Andika."

"Bibi, hapa wanataka shilingi."

Akaweka ungo chini.

"Shilingi wanatoa wasiofika. Wewe si mtoto wa huku? Unataka nisomwe mbele ya watu kama Zakaria?"

Nilielewa mara moja, na hapa ndipo penye kosa langu. Sisi Wapare ndiva haiwekewi fedha. Inawekewa msaragambo, kazi ya pamoja. Baragumu likilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe, wanazibua matope, wanajenga ukuta, wanasafisha mfereji. Asiyekwenda anatozwa faini, na jina lake linasomwa kwa sauti watu wote wakisikia. Kwa hiyo kwenye jambo la ndiva, mwenye kutoa fedha ni yule aliyebaki kitandani. Ukimwomba mtu wa kule ataje shilingi kwa ajili ya maji, unamwomba akiri uvivu.

Huyo Zakaria alikuwa jirani yake. Kila msaragambo ulipoitwa, mgongo wake uliuma. Nilipofika kwake hakusita hata kidogo. Alinitajia kiasi kikubwa kuliko mtu yeyote kijijini, akaniuliza na risiti itatoka lini. Nilicheka njia nzima nikishuka. Wale waliokuwa wanaibeba ndiva mgongoni nimewaandikia sifuri, na mtu asiyejua hata tope lake lina rangi gani ndiye aliyeonekana kuupenda mlima kuliko wote. Niliona kama kichekesho cha kuwasimulia wenzangu. Mungu anisamehe, niliona hivyo kweli.

Kwa Bibi Nakijwa penseli ilisita. Nilijua jibu lake ni kubwa. Siku mbili kwa wiki, kwa mjane anayelima peke yake! Mtu wa ofisini angetoa siku mbili za mshahara wake kila wiki, tungemwimbia. Ile mistari mitatu ya maoni ilikuwa hapo, mitupu, inanisubiri. Lakini nilijua pia kwamba dodoso lenye maoni linawekwa pembeni, linahojiwa, pengine unarudishwa mlimani. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Na tulishaambiwa kwamba mwenye madodoso mengi ya kurudiwa hataitwa awamu ijayo. Nikaandika sifuri.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika, bibi."

Akanifungia maharage kwenye kitambaa.

Tulikutana na Bwana Masalu nyumba ya wageni pale Hedaru, mchana, malori yakinguruma nje mpaka vikombe vinatikisika. Alikuwa anapitia dodoso moja moja, bila haraka. Akafika kwenye yangu, akavua miwani, akaniita kwa jina.

"Namsifu, wewe ni mwenyeji. Mbona sifuri nyingi hivi? Hawa watu hawaupendi mlima wao?"

Vijana, nimeulizwa maswali mengi maishani, lakini hilo ndilo swali nililopaswa kulijibu. Yule mtu hakujua ndiva, hakujua msaragambo, na alikuwa na akili ya kutosha kutilia shaka namba. Alikuwa ananiuliza mimi kwa sababu mezani pale nilikuwa Mpare peke yangu. Ningesema sentensi mbili tu.

Nikasema, "Hali ngumu, Bwana. Hawana fedha."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Akaandika pembeni, umaskini.

Nimekwisha kuwaambia kuhusu miguu na kuhusu awamu ijayo, na zote ni kweli, lakini kulikuwa na jambo jingine. Nilikuwa naona aibu. Wiki nzima nilikuwa najitahidi kuonekana mtu wa ofisi mbele ya Bwana Masalu na wale wadadisi wengine waliotoka vyuoni. Kuanza kueleza habari za baragumu na tope ilikuwa kwangu kama kuvua kiatu mbele za watu wakati unajua soksi imetoboka. Nilitaka wanione msomi. Kwa hiyo nilichokijua kuliko wote nikakimeza, na njaa ya wanangu nimekuwa nikiitumia kama kisingizio tangu wakati huo. Ilikuwepo njaa, ndiyo. Lakini mdomo wangu haukufungwa na njaa.

Baada ya miezi kadhaa kukawa na mkutano kijijini. Mimi niliitwa kushika zile karatasi kubwa zenye michoro. Bwana mmoja kutoka ofisi ya mradi akasimama, akasoma kwamba wananchi wenyewe, kwa kinywa chao, wameonyesha kuwa thamani wanayoupa msitu ni ndogo sana, na kwamba ukilinganisha na mbao hakuna ubishi. Watu wakaanza kunong'ona. Bibi Nakijwa akasimama.

"Sisi tulisema siku mbili," akasema. "Wengine walisema tatu. Zimekwenda wapi?"

"Bibi, taarifa hii imetoka kwenu wenyewe," yule bwana akamjibu, si kwa ukali. "Kila nyumba iliulizwa."

Bibi akageuka akanitazama. Nilikuwa nimeshika karatasi kwa mikono miwili, imenifika kidevuni. Nilijua ananisubiri niseme. Bwana Masalu naye alikuwa amekaa mstari wa mbele, na nikaona amekunja uso kama mtu aliyesikia kitu kipya. Hata hapo nafasi ilikuwepo. Niliinamisha macho kwenye karatasi, kana kwamba nasoma. Bibi Nakijwa akatikisa kichwa taratibu, akakaa, na kwa jinsi alivyonitazama nikaelewa kwamba hajanikasirikia. Ananihurumia.

Kibali kikatoka. Misumeno ikapanda, malori yakapanda. Sitawasimulia kuanguka kwa msitu kwa sababu sikwenda kuuona, nilichagua kutokwenda. Mvua za kwanza zilishuka na udongo wote wa mgongo ule, ndiva ikajaa matope mpaka ukingoni. Walipiga baragumu, wakachimba. Mvua zilizofuata zikajaza tena. Wakachimba tena. Mwaka wa tatu chemchemi yenyewe ikawa haitoi kitu cha kukingwa, na baragumu likanyamaza. Mikaratusi ilistawi vizuri sana.

Siku hizi wataalamu wamejanjaruka. Nasikia kuna njia za kumuuliza mtu angetoa siku ngapi za kazi, au magunia mangapi, halafu wanabadilisha wao wenyewe kuwa fedha. Nimefurahi. Lakini nimeona kishikwambi cha yule binti, hakina pembeni pa kuandikia maoni. Karatasi yetu ilikuwa na mistari mitatu na bado mtu mzima mwenye akili zake, mwenyeji, aliiacha mitupu. Ninyi mtaandika wapi? Mtu akikupa jibu ambalo halina nafasi, simama. Usimlazimishe, na usimwandikie sifuri. Mpigie simu msimamizi wako umwambie kazi imekwama. Atafoka. Mwache afoke.

Miaka ikapita. Siku moja nilikuwa natoka Korogwe kumwona mwanangu, basi likasimama Hedaru. Akina mama wakaja madirishani na ndizi, vitunguu, machungwa. Nikashuka kunyoosha miguu. Pembeni ya kibanda kimoja alikuwa amekaa Bibi Nakijwa na beseni la ndizi mbivu. Alikuwa amezeeka, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Namsifu! Mtoto wa kwetu!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, marahaba. Kaa. Basi litakupigia honi."

Nikakaa. Akanieleza kwamba shamba alishaliacha, limekauka, anaishi hapo na mwanawe. Nikamuuliza maisha ya barabarani. Akasema si mabaya, ila maji yananunuliwa dumu kwa dumu, na kila akinunua anaona kama anatozwa faini. Alisema hivyo huku anacheka. Mimi nikashindwa kucheka.

Nikachagua kichane cha ndizi, ili nipate cha kufanya na mikono, nikatoa fedha. Akaukunja mkono wangu, fedha zikabaki kiganjani.

"Wewe hulipi kwangu."

"Bibi, hii ni biashara yako."

"Hulipi." Akawageukia akina mama wengine. "Huyu ndiye yule niliyewaambia. Alikuja mpaka nyumbani kwangu kwa miguu, akaniuliza kwa heshima, akaandika siku zangu mbili. Wakubwa ndio waliozifuta. Huyu aliandika."

Akina mama wakanitazama kwa upole. Mmoja akaniongezea vitunguu.

Kondakta akaanza kuita. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema neno moja. Nikamshika Bibi Nakijwa mikono yote miwili, nikasema, "Asante, bibi," nikapanda basi na ndizi zake.

Alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe aliitafuta namba yangu, akanipigia simu kunipa taarifa, akasema mama yake alikuwa akinitaja mpaka mwisho: Namsifu aliandika.